Msimkatae Mwanafunzi Muuguzi

Wapo wazazi wasiotaka mtoto wao ahudumiwe na mwanafunzi wa uuguzi. Katika hospitali kama Tosamaganga, Iringa, na ile ya Rufaa Mbeya, wanafunzi hujifunza kwa vitendo huku wakiwasaidia wauguzi walioelemewa na kazi. Hupima joto, hulisha wasiojiweza, huwageuza wagonjwa wasipate vidonda vya kulalia. Tena huhesabu pumzi za mtoto anayekohoa, akiwa ametulia, kwa dakika 1 kamili. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akipumua mara 50 au zaidi, yawezekana ni nimonia. Muuguzi huitwa mara moja. Sindano hawachomi bila msimamizi. Mwulizeni msimamizi wake ni nani, kisha mpokeeni.