Ndege za Kivita za Kale na Kumbukumbu za Pande Mbili

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba yaliyopita si ndwele, waganga hugange yajayo. Hata hivyo, wapo watu ambao maisha yao yote wameyatoa kuyauguza yaliyopita. Miongoni mwao ni wakereketwa wa ndege za kivita za kale. Hawa ni watu wanaoweza kuitambua ndege kwa mngurumo wake kabla haijaonekana, na wanaotembea katika mashamba ya ngano wakitafuta vipande vya saruji vilivyokuwa njia ya kurukia ndege. Makala haya yanaeleza namna kumbukumbu hizo zilivyohifadhiwa katika mkoa wa Lincolnshire, Uingereza. Aidha, yanaonyesha uhusiano wake na historia ya Kenya ya miaka ya 1950, na kudokeza mchango wa lugha ya Kiswahili katika suala hili. Hoja kuu ni kwamba ndege moja huacha kumbukumbu mbili: ya aliyekuwa ndani yake na ya aliyekuwa chini yake. Aliyeisikia moja tu hajaisikia historia.

Mkoa wa Viwanja

Lincolnshire ni nchi tambarare iliyoko mashariki mwa Uingereza, mkabala na Bahari ya Kaskazini. Kwa kuwa ardhi yake haina vilima vingi na iko karibu na bara Ulaya, Jeshi la Wanahewa la Uingereza lilijenga huko viwanja vingi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kufikia mwaka wa 1945 mkoa huo ulikuwa na viwanja vya kijeshi vipatavyo 50. Vingi vilijengwa kwa mchoro mmoja: njia tatu za saruji zilizokatana kama herufi A, ile kuu ikiwa na urefu wa takriban mita 1,800. Njia tatu zilihitajika ili ndege iweze kuukabili upepo utokako upande wowote. Kandokando palizunguka barabara ya kuegeshea ndege, na ndege zilitawanywa mbalimbali ili bomu moja la adui lisiziteketeze zote kwa pamoja.

Ndege iliyokuja kuwa nembo ya viwanja hivyo ni Lancaster. Iliruka kwa mara ya kwanza mwezi wa Januari 1941. Ilikuwa na injini nne na rafadha nne, na ilibeba watu saba: rubani, mhandisi, mwelekezaji wa safari, mwangusha mabomu, mwendesha redio na wapiga bunduki wawili. Zilitengenezwa ndege 7,377 za aina hiyo. Leo ni mbili tu zinazotunzwa katika hali ya kuweza kuruka. Moja iko katika kituo cha Coningsby, Lincolnshire, na nyingine katika mji wa Hamilton, Kanada. Mwaka wa 2014 ile ya Kanada ilivuka Atlantiki, na mbili hizo zikaruka pamoja mbele ya maelfu ya watazamaji.

Mtu asiyeujua undani wa jambo hili aweza kudhani kwamba mapenzi haya ni ya chuma na mafuta tu. Sivyo. Kati ya watu wapatao 125,000 waliohudumu katika ndege za kikosi cha mabomu cha Uingereza, 55,573 waliuawa. Kwa maneno mengine, kati ya kila vijana kumi walioingia katika ndege hizo, zaidi ya wanne hawakurudi. Wengi walikuwa na umri wa wanafunzi wa chuo kikuu. Kiwanja cha ndege basi ndipo mahali pa mwisho ambapo nyayo zao ziligusa ardhi ya kwao.

Baada ya vita viwanja vingi vilirejeshewa wakulima. Saruji ilivunjwavunjwa ikatumiwa kujengea barabara, na minara ya kuongozea ndege ikabaki magofu. Katika kijiji cha East Kirkby, ndugu wawili wa ukoo wa Panton, waliokuwa wafugaji wa kuku, walinunua sehemu ya kiwanja cha zamani. Kaka yao, Christopher, alikuwa ameuawa katika shambulio la mji wa Nuremberg usiku wa kuamkia tarehe 31 Machi 1944. Mwaka wa 1983 walinunua ndege ya Lancaster, nambari NX611, kisha wakaileta kiwanjani na kuanzisha makumbusho. Injini zake hutiwa moto na ndege ikatembezwa ardhini huku wageni wakiwa ndani. Ni dhahiri kwamba ndugu hao walimjengea marehemu kaka yao kaburi lingurumalo.

Waliokuwa Chini

Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mngurumo uliowafurahisha wanakijiji wa Lincolnshire uliwatia hofu wakazi wa Hamburg na Dresden. Mashambulizi ya Hamburg ya Julai 1943 yaliua zaidi ya watu 30,000, na yale ya Dresden ya Februari 1945 yaliua watu wapatao 25,000, wengi wao wakiwa raia. Kwa miaka mingi kumbukumbu hizi mbili zilitunzwa mbalimbali, kila upande ukiomboleza wafu wake.

Hatua muhimu ya kuziunganisha ilichukuliwa katika jiji la Lincoln. Mnara wa ukumbusho ulizinduliwa huko mwaka wa 2015. Urefu wake ni mita 31, sawa na upana wa mabawa ya Lancaster, na kuta zinazouzunguka zina majina ya watu karibu 58,000 waliopoteza maisha. Kituo chenyewe kilifunguliwa mwaka wa 2018. Jambo la kusifika ni kwamba hifadhi yake ya sauti na maandishi, inayoendeshwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Lincoln, haikuwahoji marubani pekee. Iliwahoji pia watu walioangushiwa mabomu. Simulizi ya mwangusha bomu na ya mtoto aliyejificha handakini zimewekwa katika rafu moja.

Lincoln katika Anga ya Nyandarua

Jina la jiji hilo linaihusu Kenya kwa njia ambayo wengi hawaifahamu. Ndege iliyorithi mahali pa Lancaster iliitwa Lincoln. Iliruka kwanza mwaka wa 1944, lakini vita vikaisha kabla haijatumika kupigania Ulaya. Miongoni mwa mahali ilipokuja kutumika kivita ni Kenya.

Hali ya hatari ilitangazwa nchini tarehe 20 Oktoba 1952. Mwaka uliofuata ndege ndogo aina ya Harvard, ambazo kwa asili zilikuwa za kufundishia marubani, zililetwa na kupewa mabomu madogo. Zilitumia kiwanja cha Thika na baadaye cha Mweiga, karibu na Nyeri. Kuanzia Novemba 1953 hadi mwaka wa 1955, vikosi vya Lincoln vilipokezana zamu kutoka Uingereza, vikiruka kutoka kituo cha Eastleigh jijini Nairobi. Shabaha ilikuwa misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, iliyokuwa imetangazwa kuwa eneo lililopigwa marufuku. Yeyote aliyekutwa humo aliweza kupigwa risasi.

Mabomu hayo hayakuangusha wapiganaji wengi, kwani msitu mnene uliwaficha na mwangusha bomu hakuona alichokilenga. Hata hivyo, yalivunja miti na kujeruhi tembo, vifaru na nyati. Ndege nyingine zilifungwa vipaza sauti zikawahimiza wapiganaji wajisalimishe, na nyingine zikamwaga makaratasi yenye ujumbe huohuo. Anga ikawa inaua na kusema kwa zamu. Karari Njama, aliyekuwa mwalimu kabla ya kuingia msituni, ameeleza maisha chini ya ndege hizo katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka wa 1966.

Hapa ndipo tofauti ya kumbukumbu inapojitokeza. Wakereketwa wa Uingereza waliweza kuunda vyama, kuchanga fedha, kununua ndege na kujenga makumbusho. Nchini Kenya, chama cha Mau Mau kilichopigwa marufuku mwaka wa 1950 kiliendelea kuwa haramu kisheria hata baada ya uhuru, hadi mwaka wa 2003. Kwa zaidi ya nusu karne, aliyetaka kusimulia waziwazi alichokiona kikidondoka kutoka angani hakuwa na chama cha kumsikiliza. Eastleigh nayo, iliyokuwa pia kiwanja cha abiria hadi Embakasi ilipofunguliwa mwaka wa 1958, ilirithiwa na Jeshi la Wanahewa la Kenya lililoundwa mwaka wa 1964. Imebaki kituo cha kijeshi. Si mahali ambapo mzee huenda na wajukuu kukumbuka.

Lugha na Kumbukumbu

Mwanafunzi wa Kiswahili ana jambo la kujifunza hapa. Istilahi za urubani zinaonyesha jinsi lugha ilivyoupokea ugeni kwa kutumia rasilimali zake. Neno rubani, lenye asili ya Kiarabu, lilikuwa la mwelekezaji wa chombo baharini, yule aliyejua miamba na mikondo ya kuingilia bandarini. Chombo kilipopaa, rubani alipaa nacho. Uwanja ni mahali peupe mbele ya nyumba. Ukapanuka ukawa uwanja wa ndege. Ndege yenyewe ni jina la kiumbe.

Hata hivyo, sarufi haikukubali kudanganywa. Husemwa ndege huyu ameruka kwa kiumbe mwenye uhai, na ndege hii imeruka kwa chombo. Upatanisho wa kisarufi unatenganisha kilicho hai na kilichoundwa. Wakereketwa wa Uingereza huitaja ndege kwa kiwakilishi cha mwanamke, na ile ya East Kirkby hata wakaipa jina la kike, Just Jane. Kiswahili hakifanyi hivyo. Kinaikumbusha akili kwamba chombo hakipendi wala hakichukii. Mwenye kuulizwa ni mtu aliyekiongoza na aliyemtuma.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba mapenzi ya ndege za kale si mchezo wa wazee wasio na kazi. Ni njia ya kuwaomboleza wafu na kuitunza historia. Yameonyesha pia kwamba kumbukumbu hustawi pale penye ruhusa, chama na hifadhi, na hufifia pale palipo na marufuku na kimya. Aliyekuwa na umri wa miaka kumi Lincoln zilipopita juu ya Nyeri na Murang'a mwaka wa 1954 sasa amevuka miaka 80. Mashahidi hao wanapungua kila mwaka, na hakuna Lincoln hata moja duniani inayoruka leo ili mngurumo wake umkumbushe mtu.

Kazi ya kuwarekodi haihitaji ndege wala mnara. Inahitaji kinasa sauti, subira na lugha ambayo msimulizi anaistarehea. Idara za Kiswahili na vyama vya wanafunzi vina vyote vitatu. Hifadhi ya Lincoln imekwisha kuwasikiliza waliokuwa chini ya Lancaster huko Ulaya. Waliokuwa chini ya Lincoln nchini Kenya wangali wanangoja kuulizwa.