Je, Wajua? Kitunguu Maji na Kichwa Chenye Viraka

Kitunguu maji kikikatwa, seli zake hupasuka, na kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa humo ndani hukutana na viambata vya salfa. Hapo ndipo hutoka ile gesi inayomliza mpishi. Kitunguu hicho kimejaribiwa pia kwenye nywele: mwaka 2002 watafiti wawili wa Baghdad, Khalifa Sharquie na Hala Al-Obaidi, walitoa matokeo ya kuyapaka maji ya kitunguu kibichi kichwani. Wagonjwa 23 walipaka mara mbili kwa siku kwa miezi miwili. Wengine 15 walipaka maji ya bomba. Kufikia wiki ya sita, 20 kati ya wale 23 walikuwa wameota nywele. Upande wa maji ya bomba, hata wiki ya nane, walikuwa wawili tu.

Wauzaji wa mafuta ya kitunguu huipenda sana habari hii, ila huruka jambo moja: wagonjwa wale hawakuwa na upara wa kawaida. Walikuwa na alopesia areata, ugonjwa ambao kinga ya mwili huigeukia mizizi ya nywele, zikapukutika na kuacha kiraka cha mviringo, laini, kisicho na magamba. (Kikiwa na magamba na kinawasha, hasa kwa mtoto, shuku mapunye. Hayo ni fangasi na yanataka vidonge.) Mizizi yenyewe huwa haijafa, na mara nyingi kiraka kidogo hujifunika bila dawa yoyote.

Kitunguu husaidiaje basi? Dhana mojawapo ni muwasho. Madaktari wa ngozi wana kemikali wanayoipaka kwenye viraka kwa makusudi ili kuzusha mzio mdogo. Inadhaniwa kuwa seli za kinga huvutwa na ugomvi huo mpya zikaiacha mizizi ipumue. Huenda kitunguu hufanya vivyo hivyo. Lakini ushahidi wenyewe una dosari: kila mgonjwa wa Baghdad alijua anapaka nini. Harufu ile utaifichaje?

Upara wa wanaume, ule wa kwenye paji na utosini, ni habari nyingine. Huko homoni iitwayo DHT huisinyaza mizizi mwaka hadi mwaka, na mmoja wa mimea yenye cha kuonyesha ni rozimari. Jaribio la Iran la mwaka 2015, lenye watu 100, liliyalinganisha mafuta yake na minoksidili, dawa ya kuotesha nywele, ya asilimia 2 kwa miezi sita: nywele ziliongezeka pande zote mbili, bila tofauti ya maana. Inatia moyo, ingawa hapakuwa na kundi lisilopewa dawa, na madukani ipo minoksidili kali zaidi, ya asilimia 5.

Wanawake wengi wanaolalamikia nywele za pembeni mwa paji hawana tatizo lolote kati ya hayo. Wamesukwa kwa kukazwa, tena na tena, mizizi ikavutwa hadi ikachoka. Mapema, kulegeza msuko hutosha. Ngozi ikishafanya kovu, pale hapaoti tena, si kwa kitunguu wala kwa minoksidili.