Fungua hesabu, funika uso: simu na michango kwa askari wa zamani

(Mazungumzo ya redio juu ya amani, Kipese)

Leo tunazungumza juu ya simu, hasa ile simu inayochangisha pesa.

Wenye simu za intaneti wanajua. Picha inafika kwenye WhatsApp au Facebook: askari wa zamani aliyekatwa mguu, mjane wa askari na watoto wake, kijana aliyeacha silaha na sasa hana kazi. Chini ya picha pameandikwa namba ya M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Je, tutume? Tunyamaze? Na sisi wenyewe tukitaka kuwasaidia watu wa namna hiyo, tuombe kwa njia gani?

Kwanza tutazame mahali ambapo kazi hii imezoeleka. Uingereza kuna shirika la askari wa zamani, Royal British Legion, lililoanzishwa mwaka 1921, baada ya vita vya kwanza vya dunia. Kila Novemba watu wanatoa pesa na kuvaa ua jekundu kifuani. Ua hilo lina kazi mbili: linakusanya pesa, tena linakumbusha watu kwamba vita vikiisha, kidonda kinabaki. Mitandao ya kijamii inafanya kazi hizo hizo mbili, lakini kwa mbio zaidi.

Tuchukue mfano. Aprili 2020, wakati wa ugonjwa wa Korona, mzee mmoja Mwingereza, Kapteni Tom Moore, alitangaza kwamba atatembea bustanini kwake kwenda na kurudi mara 100 kabla ya kutimiza umri wa miaka 100. Alikuwa askari wa vita vya pili vya dunia, alifika mpaka Burma, huko ambako Wakongo nao walipelekwa kuhudumia majeruhi. Aliomba paundi 1,000 tu za kusaidia kazi ya hospitali za serikali. Picha yake ilisambaa, na zikaingia paundi zaidi ya milioni 32.

Kwa nini watu walitoa? Waliona mtu mmoja mwenye jina na uso. Waliona jambo dogo lenye siku ya mwisho. Na njia ya kutuma pesa ilikuwa rahisi. Mashirika mengi yanayosaidia askari wa zamani yanatumia mambo hayo matatu.

Lakini habari haikuishia pale. Baadaye paliundwa shirika lenye jina la mzee huyo. Novemba 2024, tume inayosimamia mashirika ya hisani Uingereza ilitoa ripoti kwamba jamaa zake wa karibu walijinufaisha kwa njia ya shirika hilo. Zile milioni za hospitali hazikuwa katika kesi hiyo. Hata hivyo, watu waliotoa kwa moyo safi walisikitika. Marekani pia, mwaka 2016, shirika kubwa la askari waliojeruhiwa, Wounded Warrior Project, liliwaondoa viongozi wake wawili wakuu baada ya habari za matumizi makubwa ya pesa kutangazwa. Imani ikivunjika, anayeumia kwanza ni mlemavu anayengoja gongo lake.

Basi neno la kwanza kwetu: fungua hesabu. Jambo hili si geni hapa. Katika AVEC zetu sanduku la akiba lina kufuli 3, na funguo ziko kwa watu 3. Simu ya mchango nayo iwe hivyo. Mmoja ashike simu, wa pili ajue namba ya siri, wa tatu ashike daftari. Kila pesa inapoingia, simu inapata ujumbe unaoonyesha siku, kiasi na namba ya muamala. Yote yaandikwe daftarini, pamoja na gharama ya kutoa pesa. Kila juma hesabu isomwe mbele ya watu, kanisani, msikitini au kwenye mkutano wa mtaa. Chefu athibitishe kwamba mhitaji yupo kweli, lakini asichukue fungu lake kwa kuthibitisha.

Neno la pili: funika uso. Hapa ndipo sisi tunapotofautiana na Uingereza. Kule vita viko mbali na bustani ya mzee. Kwetu vita viko njiani. Mnajua jinsi Kanyabayonga ilivyochukuliwa na M23 mwishoni mwa Juni 2024, na familia ngapi zilipanda kuelekea Lubero na Butembo. Mnajua pia mauaji ya ADF upande wa Beni tangu Oktoba 2014. Picha ya kijana aliyetoka porini inaweza kufika kwa wale aliowakimbia. Picha ya mjane inaweza kuonyesha kilima anacholala. Picha ikishatumwa, hairudi.

Kwa hiyo onyesheni mikono, gongo, sufuria tupu. Msitaje jina, shule ya watoto wala nyumba. Ombeni ruhusa mara mbili, leo na tena kesho, kwa sababu mwenye njaa hawezi kukataa kwa urahisi mbele ya anayeleta unga. Akikataa picha, bado apate msaada wake.

Wengine watasema: bila uso, nani atatuma? Atatuma yule anayeijua komite yenu na aliyesikia hesabu ya juma lililopita. Uso wa mgeni unaleta huruma ya siku moja. Daftari lililosomwa linaleta mchango wa pili na wa tatu.

Neno la tatu: kujulisha nako ni msaada. Mwaka 2013 wapiganaji walioacha silaha huku mashariki walipelekwa Kotakoli, mbali sana, pamoja na wake na watoto. Oktoba 2014 Human Rights Watch ilitangaza kwamba zaidi ya watu 100 walikufa huko kwa njaa na magonjwa. Watu wale walikufa mbali na macho ya nchi. Ujumbe mmoja wa kweli, ukifika mapema kwa mwenye uwezo, unaweza kuokoa wengi.

La mwisho, tuwe na haki. Mama aliyechomewa nyumba akiona mchango unakwenda kwa mwenye bunduki wa jana peke yake, atauliza: je, silaha ndiyo inayolipa? Ndiyo maana mpango wa serikali wa mwaka 2021, P-DDRCS, unataja pia kuinua jamii nzima. Mchango wa barabara au chemchemi, ambapo aliyeacha silaha na mkimbizi wanachimba pamoja, unaleta masikilizano. Na pesa inayoombwa kwa jina la majeruhi isinunue risasi. Kama mwombaji hawezi kusema itanunua nini, msitume.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:
1. Katika mtaa wetu, nani watatu wanaoweza kushika simu, namba ya siri na daftari?
2. Ni picha gani tulizokwisha kusambaza ambazo zingeweza kumhatarisha mtu?
3. Ni kazi gani wenyeji, wakimbizi na walioacha silaha wanaweza kuifanya pamoja?

Amani iwe nyumbani mwenu, na mahali mlipopokelewa.