Mgombea, Njia ya Kupita Iko Wapi?

Kampeni za uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka 2024 zilidumu siku 7 tu, kuanzia tarehe 20 hadi 26 Novemba. Katika siku hizo, sisi wa huku Goba, pembezoni mwa Dar es Salaam, tuliahidiwa barabara, maji, ulinzi na mikopo ya vijana. Suala la nani ajenge wapi halikutajwa jukwaani, ilhali hapo ndipo mwenyekiti wa mtaa anapoweza kutujenga au kutubomoa.

Barabara za mitaani ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu mwaka 2017. Maji ni ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam. Kupanga makazi na kutoa vibali vya ujenzi ni kazi ya halmashauri. Mwenyekiti hana fungu la kuchonga barabara hata ya nusu kilomita, kwa hiyo anayeahidi lami anaahidi mali ya mwingine. Alichonacho ni kingine kabisa: yeye ndiye wa kwanza kujua kwamba shamba la mzee fulani linakatwa vipande.

Nilifundisha shule ya msingi hadi nikastaafu, na miaka mingi ya ajira yangu nilipanga Sinza kabla ya kujenga huku. Goba niliyoikuta ilikuwa vilima vyenye mihogo, mikorosho na nyumba za kuhesabika. Sasa mashamba hayaonekani. Sensa ya mwaka 2012 iliukuta mkoa wa Dar es Salaam una watu 4,364,541. Ya mwaka 2022 ikakuta 5,383,728. Watu zaidi ya milioni moja wameongezeka katika miaka 10, na wote walihitaji pa kulala. Hawakuwa na muda wa kusubiri mchoro wa mipango miji. Walimfuata dalali.

Biashara yenyewe huenda hivi. Mwenye shamba anahitaji ada ya mtoto au pesa ya matibabu, anakata kipande. Dalali anampeleka mnunuzi, wanapiga hatua, ishirini kwa ishirini, wanachomeka miti kwenye kona. Mnunuzi akiuliza njia, anaoneshwa kwa mkono: itapita hapa. Kisha wanakwenda ofisi ya serikali ya mtaa, mashahidi wa pande zote mbili wanasaini, muhuri unagongwa, na mara nyingi kuna kiasi kinachoachwa pale kwa jina la mchango wa ofisi. Karatasi ile inaandika majina, bei na majirani wa pande nne. Njia iliyooneshwa kwa mkono haiandikwi.

Mwaka wa pili mnunuzi wa kwanza anajenga ukuta hadi kwenye mti wake wa kona. Wa upande wa pili naye anafanya vivyo hivyo. Wa tatu anasogeza kidogo, maana hakuna wa kumzuia. Njia iliyokuwa inapitisha lori la mchanga inabaki ya bajaji, halafu ya pikipiki.

Shida ya njia kubanwa huonekana zaidi chooni kuliko barabarani. Huku hatuna bomba la majitaka, kila nyumba ina shimo lake. Shimo likijaa unaita gari la kunyonya. Kwa jirani zangu wa bondeni, gari linaishia kwenye mwembe wa njia panda, kwa sababu kuta zimeibana njia. Vijana wa gari wanaunganisha mipira, mmoja juu ya mwingine, na kila mpira una bei yake. Mpira ukiwa mfupi, wanawasha gari wanaondoka. Mwenye nyumba asiye na uwezo anasubiri masika. Mvua kubwa ikishuka usiku, anatoboa shimo na kutapisha choo, uchafu unafuata maji hadi korongoni. Chini ya korongo hilo kuna nyumba, na kuna kisima ambacho watoto huchota maji. Nimewafundisha baadhi ya watoto hao kunawa mikono kwa sabuni. Najua kipindupindu hakisubiri somo la afya, na kila masika nalala na wasiwasi juu yao.

Katika mkutano mmoja wa kampeni nilisimama nikauliza, "Ndugu mgombea, njia za kule bondeni zinazidi kuzibwa. Ukipata uenyekiti utafanya nini mtu akija kuandikisha mauziano ya kiwanja kisicho na njia?" Kijana yule alinijibu kwa adabu zote. "Shikamoo mwalimu. Hilo tutalifanyia kazi, barabara ni kipaumbele chetu." Watu wakapiga makofi. Lakini mimi sikuwa nimeuliza barabara. Nilikuwa nimeuliza kama ataugonga muhuri au atauzuia, na hilo lina jibu la ndiyo au hapana.

Nasisitiza muhuri kwa sababu wananchi wanauamini kupita kiasi. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Muhuri wa mtaa haumpi mtu hati. Unashuhudia tu kwamba watu wawili wamekubaliana, na mambo yakigeuka haumkingi mnunuzi. Mwaka 2017, nyumba zilipobomolewa pembeni mwa Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya kupisha upanuzi, ziliangushwa nyumba zilizokuwa na umeme na maji ndani, watu wamezeeka humo. Hifadhi ya barabara ilikuwepo kisheria. Aliyewauzia, dalali na mashahidi hawakuonekana siku ya tingatinga.

Najua tunaambiwa dawa ni urasimishaji: makazi yapimwe yalivyo, watu wapate hati. Nimeuunga mkono na bado nauunga. Serikali iliweka bei elekezi ya shilingi 150,000 kwa kiwanja, majirani tukachangishana, na kampuni tuliyopatana nayo ilichora vizuri kisha ikachelewa mno kumaliza. Lakini hata ungekwenda haraka, urasimishaji unapima kilichokwisha kujengwa. Njia iliyoliwa hairudi ila kwa kubomoa ukuta wa mtu au kumlipa fidia, na fidia hakuna anayetaka kuitoa.

Ndiyo maana huwa naikumbuka Sinza. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilipimwa kuanzia miaka ya 1970, kwa mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Serikali haikumjengea mtu nyumba. Ilikata viwanja, ikaweka barabara na huduma za msingi, watu wakajenga wenyewe polepole kwa mishahara yao. Katika mradi huohuo, Manzese iliboreshwa watu wakiwa wameshajaa. Wachumi waliorudi baada ya miongo kadhaa kulinganisha maeneo ya namna hizo mbili walikuta kwamba yale yaliyopangwa kabla ya watu kuhamia yana nyumba kubwa na bora, zilizokaa kwa mpangilio. Yale yaliyoboreshwa baadaye hayakuwa na ubora huo. Mimi sikuhitaji utafiti kuliamini hilo. Nilipokuwa mpangaji Sinza, gari la kunyonya lilifika mlangoni.

Jambo hili linawahusu sana wapangaji, na wagombea huwasahau. Kila mara nasikia mikutanoni "wenye mtaa wetu", wakimaanisha wenye nyumba. Mpangaji mwenye miaka 18 anayeishi hapa ana haki ya kujiandikisha na kupiga kura sawasawa na mwenye nyumba wake, na akifikisha miaka 21 na kutimiza masharti mengine anaweza kugombea. Yeye ndiye analipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo na kukaa chumba cha nyuma, kilichobandikwa hadi ukutani mwa jirani bila dirisha la kuvuta hewa. Kila mwaka vyumba vya namna hiyo vinaongezeka, kwa kuwa mtaa unakua, na kuongezeka si vibaya. Binti muuguzi aliyepangiwa kazi Dar anahitaji chumba. Ninachodai ni kwamba vyumba viongezeke huku mtaro na njia vimeachwa.

Matokeo ya mwaka 2024 yanajulikana: chama tawala, CCM, kilichukua zaidi ya asilimia 98 ya viti vya uenyekiti wa mitaa, na vyama vya upinzani vililalamika kwamba wagombea wao wengi walienguliwa. Mahali ambapo jukwaani hakukuwa na ushindani wa hoja, swali langu la njia halikupata jibu. Linabaki kuulizwa kwenye mikutano ya mtaa, na kwa diwani, ambaye ndiye anakaa kwenye vikao vya mipango miji vya halmashauri.

Kwetu tumeanza na jambo moja dogo. Tuliomba kamati ya mtaa ipite kwenye njia zilizobaki, izipime kwa kamba, iandike upana wake kwenye muhtasari wenye majina ya majirani wanaopakana nazo, na nakala ipelekwe kata. Atakayekuja kuandikisha mauziano asomewe kwanza njia inayopita hapo. Njia ya bondeni ilipopimwa, wenye kuta wawili walikubali kurudi nyuma watakapojenga upya. Wa tatu amekataa, anasema alinunua hadi kwenye mti wa kona na karatasi anayo, imegongwa muhuri. Suala lake limewekwa kwenye ajenda ya mkutano ujao, na nimewaomba wapangaji wa bondeni waje wote.