Umeme Unaporudi, Usiikimbilie Friji

Umeme ukatikapo jioni watoto hulalamika, na urudipo hushangilia. Lakini mwenye friji asishangilie upesi, kwani vyombo vingi haviharibiki gizani; huharibika dakika ile taa zinapowaka tena.

Umeme wa majumbani kwetu ni wa volti 230. Unaporejea, vyombo vya mtaa mzima huanza kuuvuta kwa pamoja, na nguvu yake huweza kushuka au kupanda ghafla. Mota ya friji ikipata umeme pungufu hushindwa kuzunguka, hupata joto kali na hatimaye huungua. Hali kadhalika, gesi iliyomo huwa bado ina shinikizo. Yahitaji dakika chache kutulia.

Kwa hiyo, umeme ukatikapo, chomoa plagi ya friji. Acha feni moja iwe shahidi. Umeme ukirudi, subiri dakika 5. Feni ikizunguka kivivu, endelea kusubiri. Kipo pia kifaa cha kulinda friji, ambacho hukata umeme mbaya chenyewe.

Hata hivyo, taa zako zikiwaka kwa ukali usio wa kawaida na za jirani zikififia, huenda waya wa nyutro wa mtaani umekatika. Hapo nguvu yaweza kukaribia volti 400. Zima swichi kuu mara moja, waarifu jirani na shirika la umeme, wala usiguse waya wowote.

Dakika 5 za subira si nyingi kwa chombo kilichonunuliwa kwa mishahara ya miezi mingi.