Motramaiti: Jiwe la Kijani Lenye Metali Tatu

Wasikilizaji wetu wa Kabungu na wa nchi yote ya Mpanda wanajua kwamba ardhi yao ina risasi, shaba, fedha na dhahabu. Reli ya kutoka Kaliua ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya risasi hiyo. Basi leo tutaeleza habari za jiwe adimu lizaliwalo na madini ya namna hii. Jina lake ni motramaiti, kwa kufuata kijiji cha Mottram katika Uingereza, na wataalamu walilieleza mwaka 1876.

Ndani yake mna risasi, shaba na vanadi. Vanadi ni metali ambayo, ikitiwa kidogo tu katika chuma cha pua, hukizidishia nguvu.

Je, jiwe hili huzaliwaje? Chini ya ardhi risasi na shaba hukaa zimeshikamana na kiberiti. Maji ya mvua na hewa vikipenya katika nyufa za mwamba, kifungo hicho hulegea, na metali huchukuliwa na maji. Maji hayo yakikutana na vanadi iliyotoka katika mawe ya jirani, zote tatu huungana na kuganda juu ya mwamba mfano wa kutu. Ni mahali pachache zinapokutana hivyo. Tsumeb, katika Namibia, ni mojawapo.

Rangi yake ni kijani, pengine yakaribia weusi. Lakini malakaiti ya shaba nayo ni kijani! Tutazitenganishaje? Kwanza kwa uzito: motramaiti ni nzito karibu mara sita kuliko maji, na malakaiti mara nne tu. Pili, malakaiti ikitiwa asidi hutoa povu. Motramaiti safi huyeyuka bila povu. Kisu huzikwaruza zote mbili.

Tena kuna jambo kubwa kuliko bei. Risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Mgodi wa Kabwe katika Zambia, uliotoa risasi, zinki na vanadi, ulifungwa mwaka 1994. Lakini vumbi lake lingali katika udongo wa mitaa, na watoto wengi wamekutwa na risasi katika damu.

Kwa hiyo mtu ye yote aokotaye jiwe zito la kijani asilitwange nyumbani, wala asiwape watoto kulichezea. Na alipeleke kwa mpimaji wa madini, kisha anawe mikono kabla ya kula.