Wasaidizi wa waganga wanaomba kiti kamili: juu ya nini vyama vya waganga vinasitasita?

Katika Marekani, mugonjwa anaweza kufika hopitali, akapokelewa, akapimwa na kuandikiwa dawa na mutu asiye munganga wala muuguzi. Anaitwa physician assistant, PA kwa kifupi, ni kusema musaidizi wa munganga.

Kazi hiyo ilianza mwaka wa 1965 kwenye chuo kikuu cha Duke, katika jimbo la Carolina ya Kaskazini. Waganga walikuwa hawatoshi, na munganga Eugene Stead akachukua watu wane waliokuwa wametunza wagonjwa katika jeshi la maji. Watatu walimaliza mwaka wa 1967. Leo PA wanapita 150.000, na wanaruhusiwa kuandika dawa katika majimbo yote 50. Wengi wanafanya kazi miaka na miaka katika upande mumoja tu: upasuaji, moyo, ngozi, ama urgence.

Hapo njo mabishano yanapoanzia. Kila upande wa utaalamu uko na chama chake cha waganga. Chama hicho si cha kukutana na kunywa chai tu. Kinaandika maagizo ya namna ya kutunza magonjwa, kinatengeneza mikutano ya masomo, na kinasema na serikali na makampuni ya assurance. Mara nyingi PA anakubaliwa kuingia kama mushiriki wa pembeni: analipa mchango, anasikiliza masomo, lakini hapigi kura na hawezi kuchaguliwa katika kamati ya uongozi.

PA wanauliza: kama maagizo yale yanatuongoza kila siku mbele ya mugonjwa, juu ya nini tusiwe na sauti wakati yanaandikwa? Wanakumbusha pia kwamba wao wanafanya mutihani wa inchi nzima, na kila miaka miwili wanapashwa kuonyesha saa 100 za masomo ya kuendelea.

Waganga wengi wanajibu kwamba masomo hayalingane. PA anasoma karibu miaka miwili na nusu baada ya digrii ya kwanza. Munganga anasoma minne, kisha anaongeza mitatu hadi saba hopitalini ili awe mutaalamu. Wanaogopa pia kwamba mugonjwa hatajua tena nani ni nani. Woga huo uliongezeka mwaka wa 2021, wakati chama cha PA kilichagua jina jipya, physician associate: si musaidizi tena, lakini mwenzake munganga. Chama kikubwa cha waganga wa Marekani, AMA, kilipinga.

Lakini milango yote haijafungwa. Chama cha wale wanaotunza wagonjwa mahututi, Society of Critical Care Medicine, kinapokea waganga, wauguzi, wafamasia na PA pamoja. Mwaka wa 2017 kiliongozwa na muuguzi, Ruth Kleinpell.

Katika Uingereza, mambo yalirudi nyuma. Mwaka wa 2015, Royal College of Physicians, chama cha zamani cha waganga, kiliwafungulia PA kitengo chao ndani ya nyumba yake. Kisha waganga wakalalamika juu ya usalama wa wagonjwa, na mwisho wa mwaka wa 2024 kitengo kikafungwa. Mwezi wa saba 2025, ripoti ya Gillian Leng iliyoombwa na serikali ilisema jina lirudi kuwa «musaidizi», na kwamba PA asipokee mugonjwa ambaye ugonjwa wake haujajulikana, isipokuwa kwa hali zilizopangwa wazi.

Kongo iliona jambo la karibu na hili. Wakati wa ukoloni, Wabelgiji walifundisha assistants médicaux, waliofanya kazi nyingi za munganga bila kuitwa munganga. Kisha uhuru wa 1960, OMS ilituma makumi yao Ufaransa wamalize masomo ya udaktari. Hawakupewa kiti cha pembeni, walipewa shule.

Leo kila kazi iko na nyumba yake. Ordre ya waganga iko tangu 1968, na ile ya wauguzi iliundwa kwa sheria ya mwezi wa saba 2016. Lakini kwenye kituo cha afya cha kijiji, anayepokea mtoto mwenye malaria ama mama mwenye uchungu ni muuguzi mukubwa wa kituo, yule tunaita IT. Munganga yuko kwenye hopitali kuu, pengine mbali sana.

Kwa hiyo swali la PA linatugusa pia. Kumupa mutu kura katika chama hakumufanye awe munganga. Lakini maagizo ya kutunza wagonjwa yakiandikwa bila wale wanaoyatumia, yanaweza kufika kijijini yakiomba dawa ama mashine ambayo haiko. Na mugonjwa, popote alipo, ana haki ya kuuliza: wewe unayenitunza, ulisomea kazi gani?